Debe la Mafuta, Debe la Unga

Nilikuwa kidato cha pili mama yangu alipoitwa mwizi mbele ya watu, Kariakoo, kwenye meza yake ya unga jirani na mtaa wa Tandamti. Aliyemwita hivyo alikuwa mama lishe. Siku iliyotangulia alinunua sado tano za dona, akajaziwa ndoo yake ya lita 20 hadi mdomoni, akapanda nayo daladala kwenda Mbagala. Alipofungua mfuniko nyumbani, unga ulikuwa umeshuka vidole vinne.

“Dada, umeniibia,” alisema. “Ndoo imepungua, na njiani sikuifungua.”

Mama hakubishana. Alimwaga unga wote kwenye beseni, akachukua sado ileile, akaanza kupima upya taratibu, kila mara akifuta juu kwa kijiti. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ya tano ilijaa. Yule mama aliitazama sado, akamtazama mama yangu, akasema haya ni mazingaombwe. Akaondoka na unga wake. Hakurudi tena.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kila ninaposoma habari za vipimo vya zamani vya pwani yetu naikumbuka ile ndoo. Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi moja. Lakini kusema “kibaba” hakukutosha. Palikuwa na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa juu, na kibaba cha tele, kilichoachwa na kichuguu chake. Chombo kilikuwa kimoja, kipimo viwili. Aliyeuza na aliyenunua ilibidi wakubaliane kwanza ni kipi.

Hilo halikuwa jambo dogo. Katika misafara ya karne ya 19, posho ya mpagazi kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka. Tofauti ya mfuto na tele ilikuwa tofauti ya kulala na njaa au kushiba. Na Kariakoo yenyewe imepata jina kwa wapagazi: Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, kilichopiga kambi hapa baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Maelfu kwa maelfu ya wabeba mizigo wa vita ile walikufa, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi.

Kisha likaja debe. Neno limetoka Bara Hindi, na chombo kilikuja na mafuta ya taa: bati la galoni nne, yaani lita 18 hivi. Mafuta yalipokwisha, bati likabaki kupimia mahindi. Sado nayo ni hivyo hivyo, kopo la rangi la lita 4. Vyombo tunavyopimia vitu vikavu vilitengenezwa kwa ajili ya vitu vya majimaji, na hapo ndipo ugomvi wa mama ulipoanzia.

Mafuta hayana siri. Ukijaza debe, ukalitikisa, ukalipakia kwenye gari mpaka Morogoro, litafika limejaa vilevile. Hata ukiyakandamiza, yanapungua kiasi kisichoonekana kwa macho. Yanalisukuma kila upande kwa nguvu ileile, jambo alilolieleza Blaise Pascal katika karne ya 17. Nenda Gerezani, utazame fundi akipampu jeki: mkono mmoja unainua lori, kwa sababu mafuta yanafikisha ule msukumo wote bila kuupoteza njiani.

Jaza jeki hiyo unga, lori halitanyanyuka. Unga ni punje na hewa katikati yake. Ukiukandamiza kwa kiganja, punje za juu zinashikana, zinaegemea ukuta wa chombo, na ukuta unabeba sehemu ya mzigo. Chini unga unabaki mlegevu. Mwaka 1895 mhandisi Mjerumani, H. A. Janssen, alilipima jambo hilo kwa maghala ya nafaka. Aliona kwamba ukizidi kurundika nafaka, inafika mahali uzito unaofika sakafuni hauongezeki tena, kwa kuwa kuta zimeubeba.

Kinachoshusha unga si kukandamiza, ni kutikisa. Mtikisiko unaziachanisha punje kidogo, kila moja inateleza kwenye nafasi iliyo chini yake, hewa inatoka. Daladala ya Mbagala, kwa mashimo yake, ilikuwa imefanya kazi hiyo. Na mama alipoumimina unga kwenye beseni na kuuchota upya, hewa ilirudi, na sado tano zikatimia. Uzito haukuwa umebadilika hata kidogo.

Mwezi uliopita nilimweleza mama haya yote, nikidhani nampelekea habari njema ya kumsafisha jina. Alicheka.

“Mwanangu, mimi nilijua. Unadhani mahindi nilikuwa nanunuaje?”

Kabla ya unga, alikuwa akifuata mahindi vijijini upande wa Kongwa. Alinunua kwa debe lake mwenyewe. Likishajaa, alilibamiza chini mara tatu, mahindi yakashuka, mkulima akaongeza. Kisha aliongeza juu kichuguu. Alipofika mjini aliuza kwa debe lilelile, bila kulibamiza, akafuta juu kwa kijiti.

“Kila mtu alifanya hivyo,” alisema. Kisha akanyamaza kidogo. “Ndiyo maana baada ya yule mama nilinunua mizani.”

Nilimuuliza kama kuna mkulima aliyewahi kulalamika. Akasema hapana. Mama lishe alikuwa na nauli ya kurudi Kariakoo na kumwita mtu mwizi. Wakulima wa Kongwa wangemwambia nani? Gari lilikuwa limeshaondoka.