Vitamu vya Halloween visivyotaka oveni, na hofu iliyovifukuza mlangoni

Wengi wetu Halloween tunaijua kwenye sinema tu: watoto wa Marekani wamevaa vinyago, wanagonga milango usiku wa Oktoba 31, wanapewa pipi, basi. Leo mizimu naiacha pembeni. Nataka tuongelee vile vitamu vyenyewe, maana historia yake ina somo zito kuliko nilivyotegemea, hasa kwa sisi tunaosomea ualimu.

Kwanza chimbuko kwa kifupi. Halloween ni mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba 1. Marekani ilifikishwa zaidi na wahamiaji wa Ireland na Uskoti katika karne ya 19. Mtindo wa watoto kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiomba vitamu ulianza kushika kasi miaka ya 1930, ukafifia wakati wa vita kwa sababu sukari ilikuwa ya mgao kuanzia 1942 hadi 1947, halafu baada ya hapo ukarudi kwa nguvu zote.

Sasa hao watoto walikuwa wanapewa nini? Pamoja na pipi za dukani, mama wa nyumbani wengi walitengeneza wenyewe, na vingi havikuhitaji oveni. Kipenzi cha wengi kilikuwa madonge ya bisi. Ni hivi: unakaanga bisi, unachemsha sukari na maji kidogo au molasi mpaka shira iwe nzito. Kuipima, unadondosha tone kwenye maji baridi, likigandamana kuwa gololi ngumu ujue tayari. Unamwagia bisi, unapaka siagi mikononi, unafinyanga madonge haraka kabla hayajakauka. Aliyekulia Pwani atacheka hapa, maana hiyo ni kashata kabisa! Kazi ni ile ile, sukari iliyoyeyuka inashikanisha karanga au nazi, ikipoa inakuwa ngumu.

Kingine ni vipande vya Rice Krispies. Hizo ni kama bisi za mchele, kampuni ya Kellogg's iliziingiza sokoni mwaka 1928. Mwaka 1939, Mildred Day, mhitimu wa sayansi kimu wa chuo kikuu cha jimbo la Iowa, akiwa na mwenzake Malitta Jensen, walitengeneza mapishi ya vitu vitatu tu: siagi, mashimelo (zile pipi laini za jelatini) na hizo bisi za mchele. Unayeyusha, unachanganya, unashindilia kwenye trei, ikipoa unakata. Mapishi hayo yalitumiwa na kikundi cha wasichana cha Camp Fire Girls kuchangisha fedha, na baadaye yakachapwa kwenye maboksi. Yaani hata mwenye jiko la mafuta la Mchina chumbani anayaweza.

Basi, vitu rahisi namna hiyo, vya bei nafuu, vilipoteaje milangoni? Jibu ni hofu.

Mwaka 1964 mama mmoja wa Greenlawn, jimbo la New York, aliwagawia vijana aliowaona wamekuwa wakubwa mno kwa mchezo huo vifurushi vyenye steelwire, biskuti za mbwa na sumu ya sisimizi. Alidai ni utani. Hakuna aliyedhurika, ila habari ilisambaa. Oktoba 1970 gazeti la New York Times likaonya wazazi kuhusu vitamu vyenye sumu na tufaha zenye nyembe. Mwaka huo huo mtoto wa miaka 5 alifariki Detroit, ikasemwa ni pipi ya Halloween. Uchunguzi ukaonyesha ni heroini ya ndugu yake wa karibu. California ikatunga sheria mwaka 1971. Hospitali nyingine zikaanza kupiga eksirei mifuko ya pipi za watoto, bure!

Halafu ikaja 1974. Katika mji wa Deer Park, Texas, mtoto wa miaka 8 alikufa usiku wa Halloween kwa sayanaidi. Taifa zima likatetemeka. Aliyemuua? Baba yake mzazi, Ronald O'Bryan, aliyekuwa amewakatia watoto wake bima ya maisha. Alitekelezewa adhabu ya kifo kwa sindano ya sumu mwaka 1984. Na sumu ile haikuwa kwenye donge la bisi la jirani. Ilikuwa kwenye Pixy Stix, pipi ya unga ya kiwandani, ndani ya mrija wake wa kiwandani.

Mwaka 1985 wanasosholojia Joel Best na Gerald Horiuchi walichapisha utafiti wao. Walipitia habari za magazeti kuanzia 1958 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakachunguza visa vilivyoripotiwa. Hawakupata hata mtoto mmoja aliyeuawa au kuumizwa vibaya na mgeni aliyetia sumu au wembe kwenye kitamu cha Halloween. Visa vingi vilikuwa uzushi, vingine watoto wenyewe walivitunga.

Lakini utafiti haukurudisha madonge ya bisi. Mpaka leo ushauri wa kawaida kule ni kwamba kisichofungwa kiwandani kitupwe. Vya nyumbani vimebaki kwa sherehe za ndani, ambako mgeni anamjua mpishi.

Mimi ndicho kinachonigusa hapo. Mama wa mtaani, ambaye kila mtu alimjua jina na mlango wake, alikosa imani ya watu, ikapewa karatasi ya plastiki ambayo hakuna anayejua ilifungwa na nani. Na hatari pale ilipokuwepo kweli, ilikuwa ndani ya familia, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anaangalia.

Kwa hiyo mwalimu mtarajiwa, siku ukifundisha Kidato cha Kwanza vyanzo vya historia, chukua kisa hiki. Waulize wanafunzi: nani alisema, aliona mwenyewe, na nani alihakiki? Tena peleka na kashata darasani, somo litakaa.