SIRI YA MGONJWA: KUTOKA DAFTARI HADI MFUMO (Sehemu ya 4)

Juzi mama mmoja kutoka Ngaramtoni aliniuliza: "Nesi, hayo unayoandika kwenye kompyuta, anayaona nani mwingine?" Swali zuri. Turudi nyuma kidogo.

Enzi za daftari, siri yako ilikaa kabatini na kifuani kwa nesi. Ukimwi ndio ulitufundisha uzito wake. Mwaka 2008 Bunge letu likapitisha sheria inayolinda majibu ya VVU. Kwa jirani zetu Kenya, Februari 2015, serikali iliagiza yakusanywe majina ya wanafunzi wanaoishi na VVU. Watu wakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo lile limevunja Katiba.

Leo daftari limekuwa mfumo, na mara nyingi unatunzwa na kampuni ya nje. Ikidukuliwa, siri za maelfu zinatoka usiku mmoja. Ndiyo maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Ukisikia zako zimevuja, fanya hivi:

1. Iandikie hospitali barua: nini kimetoka, kwa nani? Baki na nakala. Wasikuzungushe eti "ni kampuni". Wewe ulitibiwa kwao.
2. Akipigia mtu akitaja ugonjwa wako na kudai hela, usitume. Nenda polisi.
3. Peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria inaruhusu kudai fidia.

Mama, ulikuwa na haki ya kuuliza. Nanyi ulizeni.