Siku za Baada: Habari za Kutunza Uso Uliokwisha Kuambuliwa

Walioandika habari za urembo wameshughulika sana na dawa zipakwazo usoni, na wameyapita kwa haraka mambo yafuatayo baada ya kupakwa. Vitabu vingi vyataja poda, marhamu na asidi. Ni vichache visemavyo uso ule ulilala wapi usiku wa kwanza, ulioshwa kwa maji gani, na ulitoka juani siku ya ngapi. Lakini uso uliosuguliwa au kuambuliwa na fundi ni uso uliovuliwa nguo. Tabaka la juu kabisa la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa, ndilo ngome ya mwili: huzuia maji ya ndani yasitoke na vijidudu vya nje visiingie. Fundi akiliondoa, hata kwa kiasi kidogo, kazi yake haijesha. Historia ya kazi hiyo ya pili ndiyo itafutwayo katika kurasa hizi, na sehemu yake yenye uchungu ni kwamba dawa za kuambua zilienea upesi duniani, na maarifa ya siku za baada yakazifuata kwa mwendo wa kobe.

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Kusinga, kama mila ijuavyo, ni kuusugua mwili wa bibi arusi kwa singo, yaani mchanganyiko wa liwa iliyosagwa juu ya jiwe, maji ya waridi, asumini, mrehani, karafuu na vinginevyo, maana kila mji una desturi yake na kila nyumba ina siri yake. Singo hupakwa mbichi, huachwa ishike, kisha husuguliwa kwa viganja mpaka itoke vipande vipande pamoja na taka na ngozi iliyokufa. Aifanyaye kazi hiyo ni somo au kungwi, na mwanamke huyo si fundi wa saa moja ambaye hupokea ujira wake akaenda zake. Yeye hukaa na mwari. Humwosha, humfukiza udi, humpaka mafuta, humkataza kutoka nje, na kesho yake huutazama tena ule uso alioushika jana.

Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, kwa jina la Emily Ruete. Humo ameeleza kwamba bibi arusi wa zamani zake alikaa siku nane katika chumba cha giza, bila ya mapambo, ili siku ya arusi uzuri wake uzidi kuonekana. Sababu aliyoitaja ni ya macho ya watu: atokaye gizani akiwa amepambwa hung'aa kuliko aliyekuwa akionekana kila siku. Lakini tabibu wa ngozi wa leo akiisoma habari hiyo ataona jambo jingine. Ataona ngozi laini, iliyosuguliwa, ikiwekwa mbali na jua kwa juma zima. Haingekuwa haki kudai kwamba makungwi walijua habari za seli na mionzi. Hawakuzijua, wala hawakuhitaji kuzijua. Mila huweza kuhifadhi tendo lililo sawa chini ya sababu nyingine kabisa, na tendo hilo huendelea kufaa maadamu halikutengwa na mila yake.

Faida ya kivuli hicho huonekana wazi zaidi mtu akifikiri juu ya manukato. Mwaka 1916 daktari Emanuel Freund alieleza habari za watu waliopata mabaka meusi ngozini baada ya kujipaka manukato ya kolonya na kisha kukaa juani. Baadaye ilidhihirika kwamba katika mafuta ya bagamoti, tunda la jamii ya ndimu, mna kemikali zinazoamshwa na jua na kuunguza ngozi. Maji ya ndimu hufanya vivyo hivyo. Mtu akikamulia ndimu mikononi kisha akashinda juani, huweza kuona malengelenge, na nyuma yake doa jeusi lisilotoka kwa miezi. Mwari aliyepakwa vitu vyenye harufu kali akakalishwa ndani aliepushwa na balaa hiyo bila ya kuambiwa jina lake.

Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, na mwaka uliofuata akafika Hamburg akiwa mke wa Heinrich Ruete, mfanyi biashara wa Kijerumani. Katika mji huo huo, mwaka 1882, daktari Paul Gerson Unna alieleza kwa maandishi jinsi asidi ya salisili, resosino, fenoli na asidi ya trikloroasetiki zifanyavyo kazi juu ya ngozi ya binadamu. Hapo ndipo wengi huanzia historia ya kuambua ngozi kwa mkono wa tabibu. Kuambua kwenyewe ni kwa kale sana, lakini Unna alikuwa mtu wa kupima: alitaka kujua ni dawa gani huondoa tabaka gani, na kwa kiasi gani. Akawa pia mtu wa kutazama mabaharia. Mwaka 1894 aliandika juu ya ngozi ya watu wa baharini, iliyokunjamana na kuota saratani kwa sababu ya kukaa miaka mingi katika jua na upepo. Hivyo mtu mmoja alijua namna ya kuivua ngozi, na akajua pia jua liifanyavyo ngozi isiyositiriwa.

Na marhamu yalitoka karibu yake. Robert Chesebrough alikwisha kupewa hataza ya Vaseline huko Marekani mwaka 1872, lakini mafuta hayo hayachanganyiki na maji. Hufunika tu, na kufunika kwake ni kuzuri. Mkemia Isaac Lifschütz alipata kutengeneza, kutokana na nta ya sufi ya kondoo, kitu kiwezacho kuyashika maji na mafuta pamoja yasiachane. Unna aliona thamani yake. Oscar Troplowitz, mwenye kampuni ya Beiersdorf ya Hamburg, akakitumia mwaka 1911 kutengeneza krimu ya Nivea. Jina hilo lina asili yake katika neno la Kilatini la theluji, kwa sababu ya weupe wa ile krimu. Ajabu ya historia ni kwamba kopo lenye jina la theluji limekuja kukaa juu ya meza za nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki, ambako theluji huonwa kwa mbali tu, vileleni.

Baada ya Unna kazi iligawanyika. Daktari George Miller MacKee wa New York alianza mapema katika karne ya ishirini kutumia fenoli juu ya makovu ya chunusi, lakini maelezo yake yalichapishwa mwaka 1952. Katikati ya muda huo, tangu miaka ya 1920, wanawake wasiokuwa madaktari walifungua nyumba za kuambua nyuso huko Los Angeles, na baadaye Miami. Walitumia fenoli pamoja na mafuta ya krotoni, wakaficha vipimo vyao kama watu wafichavyo hazina. Madaktari waliwadharau, kisha wakajifunza kwao. Mwaka 1961 Thomas Baker wa Miami alichapisha taarifa yake ya kwanza, na mchanganyiko uliotokana na kazi yake na mwenziwe Howard Gordon ukatawala kwa miaka mingi: fenoli, maji, sabuni ya maji, na matone matatu ya mafuta ya krotoni.

Uso ulipokwisha kupakwa ulifunikwa kwa plasta isiyopitisha maji kwa siku mbili hivi. Kisha plasta ilibanduliwa, na nyama mbichi ikanyunyiziwa unga wa dawa ili ifanye kigaga. Mgonjwa alivimba hata macho yakafumba. Juu ya hayo fenoli hupenya ngozi ikaingia damuni, na ikizidi hutibua mapigo ya moyo. Ndiyo sababu hata leo kazi hiyo haifanywi pasipo mashine ya kuuangalia moyo. Na mwisho wa yote uso ulitoka laini lakini umefifia rangi moja kwa moja. Kwa mtu mweupe sana ilikuwa ni kasoro ya kuvumilika. Kwa mtu mweusi ni kilema.

Katika wakati huo huo wa vigaga, wazo la kigaga lilianguka. Mwaka 1962 George Winter wa London alichapisha majaribio aliyofanya juu ya nguruwe wachanga. Majeraha madogo aliyoyafunika kwa utando mwembamba wa plastiki yalifunikwa na ngozi mpya kwa muda wa karibu nusu ya ule uliohitajiwa na yale yaliyoachwa hewani yakauke. Sababu yake si ngumu. Seli mpya hutambaa kutoka kandoni na kutoka katika mizizi ya nywele, nazo hutambaa vema mahali penye unyevu. Chini ya kigaga kikavu hulazimika kuchimba njia. Mwaka uliofuata jambo hilo lilithibitishwa kwa watu. Tangu hapo ushauri wa kuliacha jeraha lipigwe na upepo ulikwisha nguvu vitabuni, ingawa midomoni mwa watu ungali hai. Ushauri wa leo kwa aliyetoka kuambuliwa umetokana na hayo: maji ya uvuguvugu, mafuta mazito yasiyo na manukato, hapana kubandua kwa kucha kinachojibandua chenyewe, hapana asidi nyingine mpaka ngozi ipone, na hapana jua.

Jua ndilo lililosahauliwa zaidi, na waliolipia usahaulifu huo ni watu wa ngozi nyeusi. Idadi ya seli zifanyazo rangi hukaribiana kwa watu wote. Lililo tofauti ni wingi na ukubwa wa chembe za melanini zitolewazo. Ngozi nyeusi ikijeruhiwa, seli hizo huamka na kumwaga rangi kupita kiasi, na jua huzichochea zaidi. Doa hubaki kwa miezi, pengine kwa miaka. Lakini mwaka 1975, Thomas Fitzpatrick wa Boston alipogawanya ngozi kwa aina kufuatana na jinsi ziunguavyo juani, mgawanyo wake ulikuwa na aina nne tu, zote za watu weupe. Ngozi za rangi ya kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, zikawa za tano na za sita. Alikuwa na sababu yake, maana alitaka kupima kiasi cha mwanga wa kuwatibia wagonjwa aliokuwa nao. Hata hivyo kipimo hicho kilitumika duniani kote, na kwa muda fulani sehemu kubwa ya wanadamu haikuwamo ndani yake.

Mwenye doa hakai kungoja vitabu. Hutafuta cha kuliondoa, na hapo ndipo alipokutana na zebaki na haidrokwinoni. Mwaka 1972 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha taarifa kutoka Nairobi juu ya Waafrika watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa mafigo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za zebaki za kung'arisha ngozi. Mwaka 1975 G. H. Findlay na wenziwe wa Afrika Kusini walieleza habari za wagonjwa ambao haidrokwinoni, baada ya kuwang'arisha kwanza, iliwatia weusi wa bluu usioondoka, hasa mashavuni palipopigwa na jua. Serikali ya nchi hiyo iliikataza katika vipodozi mwaka 1990. Mapatano ya Minamata, yaliyotiwa sahihi mwaka 2013, yalitaka vipodozi vyenye zebaki viwe vimekomeshwa ifikapo mwaka 2020. Pamoja na hayo mkorogo ungali unauzwa kwa kificho, na miongoni mwa waununuao wako wasiotamani weupe hata kidogo: wanataka tu kulifuta doa walilolipata kwa fundi wa uso, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wajikinge na jua.

Si haki kuwalaumu mafundi peke yao. Chupa ya asidi huja imeandikwa namna ya kuipaka, na aghalabu haisemi neno juu ya mtu atakayesimama mchana kituoni akingoja basi. Wala dawa za kukinga jua zenyewe hazikutengenezwa kwa kumfikiria mtu huyo. Mwaka 2010 watafiti wa Detroit walionyesha kwamba mwanga uonekanao kwa macho, si ile mionzi isiyoonekana tu, huitia weusi ngozi nyeusi, na weusi huo hukaa zaidi ya wiki mbili. Ngozi nyeupe sana haikubadilika kwa mwanga huo. Losheni nyingi za kukinga jua huupitisha mwanga huo kama kioo cha dirisha. Kiuwezacho kuuzuia ni losheni iliyotiwa rangi ya oksidi ya chuma, ambayo ni kutu, ile ile iupayo wekundu udongo wa bara.