Nguo Waliyoichagua Wenyewe

Katika Unguja ya karne ya 19, mtu alijulikana kwa nguo kabla hajafungua kinywa. Mwanamke mtumwa alijifunga kipande cha merikani chini ya makwapa, mabega na kichwa wazi. Merikani ni pamba isiyopaushwa, na kwa miongo kadhaa iliingia bandarini kwa meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Ikitiwa nili ikawa kaniki, nguo nyeusi ya shamba na ya jikoni. Mwanamume mtumwa hakuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Bibi wa nyumba kubwa, akitoka, alitoka na barakoa usoni. Hakuna aliyehitaji kuuliza nani ni nani.

Mimi ni fundi cherehani, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukata na kupinda kanga. Kazi hii nimeirithi kwa bibi yangu, mtu wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja. Nasimulia historia ya nguo hii kwa sababu nawasikia vijana wakihubiriwa kwamba kuwa wewe mwenyewe maana yake ni kutofanana na mtu yeyote. Wanawake waliotuachia kanga hawakuliona jambo hilo hivyo, na mimi nawaamini wao.

Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini amri ya kufuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba. Watu hawakuamka huru kesho yake. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na akishaupata, kama hana makazi wala njia ya kujikimu, aliweza kuhesabiwa mzururaji na kuadhibiwa. Masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Karatasi ya mahakama ilieleza kwamba mtu huyu si mali ya mtu tena. Yeye ni nani, haikueleza. Swali hilo walilijibu wenyewe, na jibu lao la mwanzo lilionekana mwilini: kaniki ikavuliwa, ikavaliwa kanga.

Kanga yenyewe ilikuwa imeshazaliwa. Masimulizi ya pwani yanasema ilianzia kwenye leso za mraba zilizouzwa zikiwa hazijakatwa, zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani. Wanawake walinunua sita, wakazikata tatu tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu, wakapata nguo moja pana yenye mapambo. Wenye maduka, wengi wao Wahindi, wakaona, wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa kwa mtindo huo. Hiyo ilikuwa miaka ya 1870 na 1880. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" inasomeka kwenye kanga hadi leo. Lakini ukifuata uzi mpaka mwanzo wake, unakuta mkono wa mwanamke na sindano. Maduka yalimfuata yeye.

Viwanda vya Uingereza na Uholanzi vilichapa kwa soko la pwani, na soko hilo halikuwa na huruma. Ua lililogombewa msimu huu, msimu ujao likaitwa la zamani, na mfanyabiashara akabaki na marobota yake. Wageni waliliona hilo wakaliita upuuzi wa wanawake. Mimi naliona kwa jicho jingine. Mtu aliyevishwa nguo ya rangi moja tangu utoto, siku anapopewa nafasi ya kusema "hii siitaki, nipe ile," hachezi. Anatumia haki ambayo mama yake hakuwa nayo. Mwishowe kanga ikaingia hata kwenye nyumba za wakubwa, na walioamriwa nguo jana wakawa ndio wanaoamua fasheni ya mji.

Kisha yakaja maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kilatini. Hapo ndipo nguo ilipopata sauti. Mteja anapoleta doti kwangu bado ina wanga, ngumu, vipande viwili vimeshikana. Naitandaza mezani, natafuta mstari kati ya pindo na pindo, nakata. Kabla sijakunja ukingo nalisoma jina, yaani hayo maneno, katikati chini ya mji, kwa sababu najua mteja alilisoma kabla ya kutazama rangi. Yupo aliyelizunguka soko zima la Darajani akitafuta "Usisafirie nyota ya mwenzio," akaacha kanga nzuri zaidi kwa sababu maneno ya kanga hiyo hayakumhusu.

Mteja huyo huyo wiki ijayo ataniletea kanga ya sare ya harusi, na wanawake arubaini watavaa rangi ile ile na jina lile lile. Je, hapo amejipoteza? Hata kidogo. Kaniki iliwafananisha wanawake kwa amri, ili wajulikane kuwa ni watumwa. Sare inawafananisha kwa hiari, kwa sababu wamekaa, wamejadili, wamechanga, wamekubaliana kwamba bibi harusi huyu ni wao. Vivyo hivyo buibui: kujifunika nje kulikuwa kwa mabibi wakubwa, na waliokuwa watumwa walipolivaa mwanzoni mwa karne ya 20, wapo waliosema wanaiga. Walikuwa wanaichukua stara ambayo wao na mama zao walinyimwa. Kuchukua heshima yako kutoka kwa aliyekuzuilia si kumwiga.

Leo binti anaambiwa kanga ni nguo ya nyumbani, ya wazee, haifai ofisini. Mwingine anaambiwa asipoivaa ameacha asili yake. Wote wawili wanaamriwa. Mwanangu, usijiulize kwanza unafanana na nani. Jiulize nani alikuchagulia. Kama ni wewe, vaa, hata kama mtaa mzima umevaa hiyo hiyo. Kama si wewe, una haki ya kuvua.