Chale na Fundi Wake

Msomaji, nguo mbaya huvuliwa, nyumba mbovu huhamwa, na barua iliyoandikwa kwa hasira huweza kuchanwa kabla ya kutiwa katika sanduku la posta. Lakini iko kazi moja ya mkono ambayo mwenyewe hulala nayo, huamka nayo na huzikwa nayo. Kazi hiyo ni chale ya wino, ambayo vijana wa siku hizi huiita tatuu. Ikiwa nzuri, ni pambo la maisha. Ikiwa mbovu, ni majuto ya maisha. Nataka tutazame pamoja jinsi watu wa zamani na wa sasa walivyotaabika kutengeneza chale zilizowaharibia miili, ili tujifunze jambo ambalo wengi hulijua baada ya kuumia, yaani fundi huchaguliwa kabla ya sindano.

Kwanza tuulize, kwa nini alama hii haitoki kwa maji na sabuni? Ngozi ya juu hupukutika na kuzaliwa upya kila baada ya wiki chache. Kama wino ungalikaa hapo, ungaliondoka wenyewe. Lakini sindano huupeleka katika ngozi ya ndani. Huko chembe zilizo askari wa mwili huja kuumeza, walakini haziwezi kuuyeyusha. Hukaa nao, na zikifa, nyingine huja kuupokea. Mwaka 1991 maiti ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita ilionekana katika barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia. Lugha yake imepotea na jina alilopewa na mamaye halijulikani, lakini alama 61 zilihesabiwa katika ngozi yake.

Warumi wa kale waliitumia alama hii kwa ukatili. Mtumwa aliyetoroka na mhalifu aliyehukumiwa walitiwa chale, mara nyingi katika paji la uso, mahali pasipofichika. Mshairi Martial, wa karne ya 1, alimdhihaki tajiri mmoja aliyekaa mbele katika thieta amevaa mavazi ya fahari, na paji lake limejaa vibandiko. Chini ya vibandiko hivyo ilikuwapo alama ya utumwa wake wa zamani. Katika karne ya 4 Kaisari Constantine aliamuru kwamba waliohukumiwa wasitiwe alama usoni, ila mikononi na miguuni. Katika karne ya 6 tabibu Aetius wa Amida aliandika njia ya kuiondoa: ngozi husafishwa kwa magadi, hupakwa ulimbo, hudungwa kwa sindano, kisha hutiwa chumvi na dawa kali zenye chokaa. Fikiri maumivu yake! Mtu aliyekubali mateso hayo hakutafuta urembo. Alitafuta kurudishiwa uso wake.

Wajapani walipata njia nyingine. Mwaka 1720, katika utawala wa Tokugawa Yoshimune, chale zikawa adhabu ya wezi. Kule Edo, mji ambao leo ni Tokyo, mistari miwili ilizungushwa mkononi. Mtu aliyekwisha kutumikia adhabu yake aliendelea kuhukumiwa na kila aliyeuona mkono wake. Basi wengine wakawaendea mafundi, wakaomba mistari ile ifunikwe kwa mchoro mkubwa wa mawimbi, wa joka au wa maua. Hapa ndipo ilipo kanuni inayofuatwa hata leo: chale mbovu haifutwi na chale nyingine, bali humezwa nayo. Mchoro mpya hauna budi kuwa mkubwa kuliko wa kwanza na wenye rangi nzito zaidi, maana rangi nyepesi haiwezi kufunika wino mweusi. Kwa sababu hii kazi ya kufunika hutaka fundi bora kuliko aliyeifanya ile ya kwanza. Mafundi wa Japani walikaa miaka mingi kwa mwalimu, wakifagia, wakitayarisha wino, na kujidunga miguu yao wenyewe, kabla ya kukabidhiwa ngozi ya mtu mwingine.

Katika visiwa vya Samoa, kwenye Bahari ya Pasifiki, chale huitwa tatau. Huko heshima ya fundi ni kubwa sana. Chale ya wanaume, iitwayo pe'a, huanzia kiunoni mpaka magotini, na kazi huchukua siku nyingi. Fundi hugonga kwa kijiti kitana chenye meno, na wasaidizi huivuta ngozi ili mstari usipotoke. Ufundi hurithiwa katika jamaa maalumu, na fundi hujulikana kwa ukoo wake na kwa kazi zake zilizokwisha kuonekana. Jamaa ya kijana humwendea kwa adabu na kwa zawadi za mikeka ya thamani. Hawafanyi haraka, kwa maana kijana akishindwa kuvumilia akaacha njiani, chale yake pungufu huwa aibu yake na ya jamaa yake yote.

Usidhani kwamba hizi ni habari za ng'ambo tu. Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, ambao ndugu zao walioko Kwale walitambuliwa kuwa raia wa Kenya mwaka 2016, walikuwa na chale za uso na mwili. Mchanjaji alitumia kisu kidogo cha chuma na unga wa makaa. Hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Kijiji kilimjua, na nyuso za wazee zilikuwa ushuhuda wa mkono wake.

Mambo yaligeuka mwaka 1891, Samuel O'Reilly wa New York alipopata hataza ya mashine ya umeme ya kutia chale, aliyoitengeneza kwa kuifuata kalamu ya umeme ya Thomas Edison. Kazi ya siku nyingi ikawa ya saa chache. Mashine iliharakisha mkono, lakini haikuufundisha. Sasa mwenye fedha za kununua mashine aliweza kujiita fundi. Mwaka 1961 mji wa New York ulipiga marufuku kazi hii kwa hofu ya ugonjwa wa ini unaoenezwa na sindano chafu, na marufuku hiyo ilidumu mpaka mwaka 1997.

Njia ya tatu ya kutengeneza ilizaliwa katika maabara. Mwaka 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza, na katika miaka iliyofuata daktari Leon Goldman akaijaribu juu ya chale. Mwali hupiga kwa muda mfupi mno, wino hupasuka vipande vidogo, na askari wale wa mwili huweza kuvichukua. Lakini usidanganyike ukafikiri ni kazi ya siku moja. Hutaka safari nyingi kwa daktari, na kati ya safari na safari wiki kadhaa hupita. Wino mweusi hutii upesi. Rangi nyingine ni kaidi. Tena ngozi yetu nyeusi ina rangi yake ya asili, ambayo huweza kuupokea mwali uliokusudiwa wino. Asiye stadi huweza kumwachia mtu mabaka au kovu lililoinuka, mahali pa chale aliyotaka kuondoa.

Basi, msomaji, ukifika utu uzima ukataka chale, fanya kama jamaa ya Samoa. Tazama kazi za fundi zilizokwisha kupona, maana chale ya jana hung'aa yote, lakini ya mwaka jana husema kweli. Angalia kama mistari imenyoka au wino umetapakaa. Hakikisha kwamba sindano ni mpya na inafunguliwa mbele ya macho yako, kwamba mikono ina glavu, na kwamba wino uliomiminwa kwa ajili yako haurudishwi chupani. Kama ni maneno, yasome herufi kwa herufi kabla hayajaandikwa. Na fundi akikuambia, "Ngoja, ufikiri tena," mshukuru. Huyo anaithamini ngozi yako kuliko fedha yako.

Na kama chale imekwisha kuharibika, usiisugue kwa chumvi wala kuichoma kwa dawa kali nyumbani. Ikivimba au ikitoa usaha, nenda hospitali. Ikiwa salama, iache ipone kabisa, kisha umtafute fundi mwenye sifa ya kufunika, au daktari wa ngozi mwenye leza, au wote wawili. Maana mara nyingi leza huififisha kwanza, ndipo fundi hufunika vizuri. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi.

Mrumi alitiwa alama kwa nguvu, na mwizi wa Edo alifungwa mistari na mahakama. Hao hawakuulizwa ni mkono wa nani utakaowagusa. Wewe waulizwa. Ukichagua kwa haraka au kwa sababu ya bei rahisi, kumbuka waliyosema wazee: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.