MMEA NDANI YA TANGI LA SAMAKI: WA HAI AU WA PLASTIKI?

Siku hizi ukiingia saluni, hotelini au hata sebuleni kwa watu unakuta tangi la kioo, samaki wanazunguka na majani ya kijani yanacheza ndani. Wengi tunajua yale majani ni urembo tu. Kumbe yalianza kama mapafu ya tangi. Twende London kidogo.

Enzi hizo ukifuga samaki kwenye bakuli lazima ubadilishe maji mara kwa mara, la sivyo wanakufa. Sasa kulikuwa na mkemia mmoja, Robert Warington. Jamaa akachukua chombo cha kioo cha galoni 12, akaweka samaki wa dhahabu wawili pamoja na mmea wa majini wenye majani marefu kama utepe, unaitwa Vallisneria. Hesabu zake zilikuwa hivi: samaki akipumua anatoa hewa chafu, mmea unaitumia, na kukiwa na mwanga unarudisha oksijeni kwenye maji.

Mwanzo mambo yakaenda. Baadaye majani ya zamani yakaoza, maji yakachafuka. Unadhani aling'oa mmea? Wapi! Akaongeza konokono wa majini, wakala yale yaliyooza, maji yakawa safi tena. Mwaka 1850 akawapa wanakemia wenzake habari hiyo.

Hapo moto ukawaka. Kodi ya vioo Uingereza ilishafutwa mwaka 1845, kwa hiyo kioo kilikuwa kimeshuka bei. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa wananchi. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kuhusu akwaria, na wenye uwezo wakataka tangi sebuleni.

Mmea wa plastiki umekuja baadaye sana. Hauozi, hauliwi, hautaki mwanga. Lakini hautoi oksijeni wala haunyonyi uchafu wa samaki. Ukiuchagua, ile kazi inabaki kwa pampu, filta na mkono wako wa kubadilisha maji. Wengi hawaambiwi hilo dukani, wiki mbili tu samaki anaelea tumbo juu na hela imepotea.

Sasa uchague upi? Angalia samaki wako kwanza. Wa dhahabu wanapenda kutafuna majani laini, na samaki wengi wa Ziwa Tanganyika wanafukua mchanga na kung'oa mizizi, ingawa Vallisneria yenyewe inaota humo ziwani. Kwa hao weka plastiki, au Anubias, mmea wa Afrika wenye majani magumu. Huo unaufunga kwenye jiwe au gogo, usifukie shina lake, na mwanga kidogo unautosha. Samaki mwenye mapezi marefu usimpe plastiki yenye ncha kali, itamchana. Samaki wadogo wapole wape Vallisneria na mwanga wa kutosha, na majani yakioza yatoe.

Ila mmea wa hai nao usiku unavuta oksijeni badala ya kuitoa. Ukijaza samaki kupita kiasi halafu umeme ukakatika usiku, hata msitu mzima hautawaokoa. Warington aliweka wawili tu.

Haya mdau, la kwako lina majani gani? Dondosha maoni hapo chini.