Karema: ngome iliyokimbiwa na maji

Siku hizi ukiuliza habari za ukuta wowote mkuukuu kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji hadi Kasanga, utajibiwa kwamba ni wa Waarabu na humo ndani walifungwa watumwa. Nimelisikia jibu hilo hata huku kwetu Kibondo, tena kwa mwalimu, siku tulipokuwa tukibishana kama pwani ya ziwa letu ina ngome za kutazamwa au mambo hayo tuwaachie Kilwa na Zanzibar. Ngome zipo. Lakini ile ninayoipenda kuliko zote haikujengwa na Mwarabu, na kwa ajili yake nilipanda basi peke yangu mwisho wa juma moja la kiangazi.

Safari yenyewe ni ya kuteremka: Kasulu, Uvinza, Mpanda, kisha zaidi ya kilomita 100 kuelekea magharibi hadi maji yanapoonekana. Uvinza watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na Waha wa zamani waliifuata hadi huko kwa miguu. Msafiri wa kutazama kuta za watu wengine ni kitu kigeni kwetu. Tulizoea wageni ndio waje kwetu, tena walipe: Novemba 1871 Stanley alipokatiza Buha akimtafuta Livingstone alitozwa hongo mara baada ya mara, mpaka akaamua kuwapenyeza watu wake porini usiku, kimya kimya. Hadithi hiyo naisimulia kila nikipata nafasi.

Karema nilipokelewa na mzee mmoja anayepafahamu vizuri pale misheni, ilipo ngome yenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Kibondo."

"Kibondo! Kuna msiba?"

Nikamwambia hakuna, nimekuja kuona ngome. Akanitazama kidogo, kisha akatangulia.

Mwanzo wa mahali hapa unajulikana, sitauchelewesha. Mwaka 1876 mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitisha mkutano Brussels, kikazaliwa chama chake cha kimataifa cha Afrika, na Agosti 1879 Kapteni Ernest Cambier akaanzisha Karema, kwenye nchi ya Wabende, kituo cha kwanza cha chama hicho. Mwaka huohuo walishushwa Msasani tembo wanne kutoka India, kujaribiwa kama wangeweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Mmoja tu aliiona Karema, naye hakudumu. Carter, bwana wa tembo, aliuawa Mpimbwe mwaka 1880 pamoja na mwenzake Cadenhead, mikononi mwa watu wa mtemi Mirambo. Habari za tembo ndizo wanazozikumbuka wengi, nami nazipita.

Ugomvi wangu ni na Joseph Thomson. Kijana huyu wa Kiskoti, wa miaka 22, alifika Karema mwaka 1880, akaangalia kilima kile na matope yaliyokizunguka, ufukwe wa maji mafupi usio na kificho cha mashua, akaenda kuwaandikia Waingereza kwamba Wabelgiji wamechagua mahali pabovu kabisa. Dhihaka hiyo imenakiliwa na waandishi waliomfuata, kila mmoja akiiongezea chumvi, hadi Karema ikawa mfano wa Mzungu asiyejua kuchagua kiwanja.

Lakini Thomson huyuhuyu, mwishoni mwa 1879, alikuwa ng'ambo ya pili kwenye mdomo wa mto Lukuga. Stanley alipoupita mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matete na matope, na ziwa lililokosa njia ya kutokea lilikuwa limejaa hadi kumeza miti ya ufukweni Ujiji. Thomson aliukuta unakwenda kwa kasi kuelekea mto Kongo. Kizibo kilikuwa kimetoka. Edward Hore, mmisionari aliyekaa Ujiji, alikuwa akiweka alama ufukweni na kuona maji yakishuka mwezi hata mwezi. Kufikia miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita 10.

Kwa hiyo Cambier alijenga kando ya ziwa lililojaa, na Thomson akaja kumcheka wakati ziwa linaondoka. Sehemu ya matope aliyoyaona ilikuwa sakafu ya ziwa, imeanikwa juani. Jibu alikuwa nalo mkononi, amelitoa Lukuga mwenyewe, asiliunganishe na kilima cha Karema. Sisemi Cambier alikuwa hodari; bandari ya maana hakuipata hata kabla ya hapo. Nasema alihukumiwa kwa kosa la mto.

Simama pale misheni utaelewa bila kitabu. Ukuta wa zamani alionipeleka mzee ni mnene, wa matofali mabichi, makubwa kuliko haya yetu tunayochoma Kibondo. Plasta imebanduka kwa mabamba, manyigu wamejenga kwenye viungo, na chini kidogo mtu ameegemeza makasia na nyavu zilizochanika. Hapo ndipo ajabu yake: makasia yako juu kilimani, na kwenda ziwani ni mwendo wa kukutoa jasho, upite nyumba, bustani na vichanja vya dagaa. Ngome ya kulinda ziwa, na ziwa liko kule.

Sasa turudi kwa hao "Waarabu". Misafara ya watumwa ilivuka ziwa hili, hakuna mwenye akili anayekana. Ila Karema ilijengwa kwa jina la kupiga vita utumwa, na aliyeitawala kuanzia 1882, baada ya Kapteni Ramaeckers kufia hapohapo, alikuwa Émile Storms. Huyu alivuka akajenga Mpala, upande wa Kongo, na Desemba 1884 watu wake wakamuua mtemi Lusinga na kumkata kichwa. Fuvu lilisafirishwa hadi Ubelgiji. Sanamu ya Storms ilikaa kwenye uwanja mmoja wa Brussels mpaka 2022 ndipo ikaondolewa. Kuibandika ngome hii jina la Waarabu ni kumsafishia Storms mikono bure.

Mwaka 1885 Leopold alikuwa amepata Kongo yake, kilima akawaachia Wamisionari wa Afrika, Mapadri Weupe. Mtu wa kukumbukwa hapa, kwa maoni yangu, alikuja 1889: Adrian Atiman, mzaliwa wa kingo za mto Niger, aliyetekwa utotoni akauzwa, akakombolewa na mapadri Algeria, akasomeshwa udaktari Malta. Alitibu watu Karema miaka 67, hadi alipofariki 1956. Mwanawe Joseph alikuwa padri. Aliyewahi kuwa mtumwa kweli ndiye aliyeishi hapa muda mrefu kuliko makapteni wote kwa pamoja, na bado tunaonyeshwa kuta za watumwa wasiokuwa na majina.

Kwenye ngome ya Kasanga sikufika, siku mbili hazitoshi. Boma la Wajerumani kule, Bismarckburg, lilitekwa Juni 1916 baada ya kamanda wa Kiingereza Spicer-Simson kukataa kulishambulia kutokea majini akihofia mizinga yake, ambayo ilikutwa ni ya mbao.

Yaliyobaki ni Waingereza, uhuru, mikoa kugawanywa, Katavi kuzaliwa. Chini ya kilima kuna bandari mpya iliyokamilika 2022, ya kupokea mizigo ya Kongo, na vijana wa bodaboda wanapoitaja Karema wanakusudia hiyo. Baada ya kukamilika kwake ziwa lilizidi kupanda hadi likaingia majumbani mwa watu Kigoma, Kalemie na Bujumbura. Cambier angefurahi. Thomson sijui angeandika nini.